Baraza la Bao Baada ya Kupoteza Kazi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Faraja kwa Watu

Kwetu pwani mtu akifiwa, majirani hawangoji kuitwa. Majamvi yanatandikwa, turubai linafungwa, masufuria makubwa yanaletwa, na kwa siku kadhaa mfiwa haachwi peke yake hata kama hana neno la kumwambia yeyote. Aliyeachishwa kazi, aliyefungiwa duka kwa madeni au aliyevunjiwa uchumba hana matanga. Hakuna anayemtandikia jamvi, kwa sababu hakuna anayejua kama anataka kuonekana, na yeye mwenyewe, kwa aibu, hujificha hasa wakati ambapo anawahitaji watu zaidi.

Niliachishwa kazi pamoja na wenzangu kadhaa baada ya miaka tisa ya utumishi, na kilichonisaidia kusimama tena ni marafiki wawili pamoja na baraza la wacheza bao, mchezo wa kusambaza kete katika mashimo ya ubao, lililokuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwangu Magomeni, Dar es Salaam. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujijengea kile ambacho mfiwa hupewa bila kuomba, yaani watu wa kukaa nao. Nasema kukaa nao kwa makusudi, maana nimeamini kwamba katika miezi ya mwanzo faraja hutokana zaidi na kukaa na watu wenye shughuli mikononi kuliko kuwaeleza watu yaliyokusibu. Maelezo yana wakati wake, nami nitayafikia.

Hatua ya kwanza: Waambie watu watatu, kwa sentensi moja

Kwa wiki mbili nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimevaa shati la kazini, nikapanda daladala hadi Posta, nikakaa kwenye benchi mpaka jua likapanda, kisha nikarudi jioni kama mtu aliyechoka na kazi. Hakuna uchovu uliowahi kunizidi kama ule. Siri ya namna hii haikulindi na aibu. Inakulazimisha kuwakwepa watu wote ambao wangeweza kukuliwaza, kwani kila salamu inageuka kuwa hatari.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwaambia watu watatu: mmoja wa nyumbani, na marafiki wawili. Usisubiri upate maneno mazuri. Andaa sentensi moja fupi na uitumie kama ilivyo, kwa mfano: "Kazi yangu iliisha mwezi uliopita, bado natafuta, nitakueleza vizuri siku nyingine." Sehemu ya mwisho ni ya muhimu, kwa sababu inamfungia msikilizaji mlango wa maswali bila kumkosea adabu. Sentensi hiyo hiyo utaitumia pia kwa jirani anayekuuliza "vipi kazini?" mkikutana dukani, na baada ya kuisema mara nne au tano utaona haikukabi tena koo.

Katika kuchagua marafiki wawili, angalia nani anafaa kwa lipi. Rafiki mcheshi aliye hodari wa kuchangamsha harusi anaweza kuwa mzito wa kukaa kimya na mtu mwenye huzuni, na hilo si kosa lake. Mmoja wa marafiki zangu hakuwa mzungumzaji hata kidogo, lakini alizijua karatasi, na ndiye aliyenifuatilia barua ya kuachishwa kazi, akanisindikiza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuulizia mafao ya kukosa ajira, akanisubiri kwenye foleni tangu saa mbili hadi adhuhuri. Siku ile hakunipa hata neno moja la faraja, na hadi leo naihesabu kuwa ndiyo siku niliyofarijiwa kuliko zote.

Hatua ya pili: Omba jambo moja lenye mwisho

Marafiki wengi hurudi nyuma kwa sababu hawajui wafanye nini, na ile kauli ya "ukihitaji chochote niambie" humwachia kazi yote yule aliyeumia. Wasaidie kwa kuomba jambo moja ambalo mtu anaweza kulifanya akalimaliza: "Jumapili nisindikize kwa mama nikamweleze," au "Nipigie kila Jumatano jioni, hata dakika tano." Ombi lenye siku na mwisho halimchoshi mtu, na akilitimiza mara moja atakuwa na ujasiri wa kulitimiza tena.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Mkopo kati ya marafiki wakati wa dhiki huvunja kile hasa unachokitafuta. Ukilazimika kukopa, kopa kwa mtu mmoja, taja kiasi na tarehe, na rafiki yule anayekuliwaza asiwe ndiye anayekudai.

Hatua ya tatu: Chagua burudani yenye mahali, saa na zamu

Si kila burudani inafariji. Kutazama mpira peke yako kwenye simu kunakuacha pale pale. Unachohitaji ni shughuli inayofanyika mahali pamoja kwa saa zinazojulikana, isiyo na gharama kubwa, inayoshughulisha mikono na akili, yenye watu wa rika mbalimbali, na juu ya yote yenye zamu, ili kuwepo kwako kuwe na maana kwa mwingine hata siku ambayo huna la kusema. Kwaya inatimiza masharti haya, na vivyo hivyo timu ya maveterani ya mtaani, kikundi cha mbio za asubuhi na meza ya drafti.

Mimi nitaeleza bao kwa sababu ndilo nilijualo. Mchezo huu umekaa katika mabaraza ya mwambao kwa karne nyingi; Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi mwaka 1840, aliutungia mashairi, na barazani utawasikia wazee wakikumbushana kwamba Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao. Aliyeko Uganda atalikuta jamaa yake katika omweso, na aliyeko Rwanda katika igisoro, ambayo yote yana mashimo 32 kama letu.

Ni lazima niseme wazi kwamba mabaraza mengi ya bao ni ya wanaume, na mwanamke aliyepatwa na pigo kama langu anaweza asikaribishwe kwa urahisi hapo. Nimeona, hata hivyo, mambo haya haya yakifanya kazi katika vikundi vya kusuka ukili, yaani mikanda ya miyaa inayoshonwa kuwa majamvi. Kila mmoja huja na miyaa yake, mikono ikasuka huku maneno yakija na kwenda, na mwenye msiba wa moyo hukaa katikati akisuka kimya bila ya mtu kumshangaa. Hatua zinazofuata zinafaa huko pia, ukibadilisha kete kwa ukili.

Hatua ya nne: Ingia barazani kama mgeni anayejua adabu

Hapa ndipo watu wengi hukwama, nami nitakaa kidogo. Baraza letu ni benchi mbili ndefu za mbao chini ya mti wa mkungu, na pembeni yupo muuza kahawa mwenye birika la shaba juu ya jiko la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, na sinia la kashata za karanga. Watu huanza kufika baada ya swala ya alasiri na kutawanyika inapoadhiniwa magharibi. Bao ni moja, wachezaji ni wawili, na wengine wote, pengine watu kumi na tano, ni watazamaji. Jambo hili lilinipa nafuu nilipolielewa: barazani mtazamaji ni mwenyeji kamili, na mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kucheza na asionekane mvivu wala mgeni.

Siku ya kwanza fika mapema kabla hapajajaa. Toa salamu kwa wote, kisha wasogelee wakubwa na uwaamkie mmoja mmoja, shikamoo kwa kila anayestahili, maana anayeamkia mara moja kwa jumla na kusimama pembeni huonekana kama mpita njia. Nunua kahawa yako na usimame au ukae mahali unapoliona bao. Ukiulizwa unatoka wapi, taja mtaa wako. Usijieleze zaidi.

Mwiko mkubwa wa mgeni ni kusema juu ya mchezo unaoendelea. Utawasikia watazamaji wakongwe wakipiga kelele, wakimlaumu mchezaji, wakihesabu kwa sauti, lakini haki hiyo wameipata kwa miaka. Mgeni hunyamaza na kutazama. Mimi nilisimama kwa siku tatu nikiwa nyuma ya benchi, na siku ya tatu mzee mmoja mstaafu wa bandarini, bila kugeuza uso wake kutoka kwenye bao, akasogea kidogo na kunipigia ubao wa benchi kwa kiganja mara mbili. "Kaa basi," akasema, "usisimame kama mtu wa kodi." Nikakaa, na hakuna aliyeniuliza kitu. Muuza kahawa akanijazia kikombe, na mchezo ukaendelea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usingoje upewe. Kuanzia siku ya tatu au ya nne tafuta kazi ndogo ya baraza: kumsaidia muuza kahawa kuteka maji, kuliingiza bao ndani mvua ikianza, kuokota kete zilizodondoka. Mtu asiye na ajira huumia zaidi kwa kuona hana faida kwa yeyote, na kazi hizi ndogo, ambazo hakuna anayezisifu, huanza kuurekebisha moyo kabla hujajua.

Hatua ya tano: Jifunze kiasi cha kukaa mbele ya bao

Bao lina safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, jumla kete 64. Kete zetu ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na fukwe. Ni laini na ngumu kama kokoto, na zikishatumika miaka mingi hung'aa kama zilizopakwa mafuta. Kama hakuna bao karibu, mashimo ya kuchimba mchangani na kokoto vinatosha kwa mazoezi.

Usianze na bao la Kiswahili lenyewe. Omba mtu akufundishe bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili. Unachota kete za shimo lako moja na kuzisambaza moja moja kuzunguka upande wako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani lililo mkabala nalo lina kete pia, unazila zile za mpinzani na kuzisambaza upande wako kuanzia shimo la mwisho wa safu ya mbele, liitwalo kichwa. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Penye nafasi ya kula ni lazima ule, hata kama hutaki.

Ukishazoea hayo, ndipo uingie bao la Kiswahili. Hapo kila mmoja huanza na kete 10 tu ndani ya bao: sita katika nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia kwako katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, na kila zamu unaingiza moja, nako ndiko kunamua. Zikiisha mkononi mchezo huingia mtaji, na kete zinazozunguka ni zile zilizomo ndani ya bao tu. Anayemalizwa kete zote za safu ya mbele ameshindwa, na akimalizwa wakati bado ana kete mkononi, hilo huitwa mkononi, nalo baraza zima hulishangilia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndani yake mna dawa. Kete moja unayoingiza inaweza kula, ikasambaa, ikala tena, ikazunguka bao mara mbili, na wewe unatakiwa uone mwisho wake kabla ya kuigusa. Akili inayohesabu mzunguko wa namna hiyo haina nafasi ya kusoma tena barua ya kuachishwa kazi. Usiku wa siku ile niliyocheza mara ya kwanza nililala nikihesabu mashimo, na nilipoamka niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu yale yanipate nilikuwa nimelala hadi adhana ya alfajiri.

Utashindwa sana. Mimi nilifungwa kila siku kwa zaidi ya mwezi, mara nyingine na vijana wa sekondari. Ukishindwa, mpe mwenzako mkono, nyanyuka, mwachie nafasi anayefuata, na ukae palepale utazame. Usiondoke kwa hasira na usijieleze. Kule kukaa baada ya kushindwa, huku kikombe kinajazwa na hakuna aliyebadilika uso kwako, kutakufanyia kazi ambayo ushauri wa watu kumi hauwezi kuifanya.

Hatua ya sita: Acha maneno yaje yenyewe

Usiende barazani kwa nia ya kusimulia. Siku itafika. Kwangu ilifika jioni moja ya mvua, tulipobaki watu wanne chini ya kibaraza cha duka jirani, na mmoja wao, fundi makanika, akaanza kueleza jinsi gereji yake ilivyovunjwa barabara ilipopanuliwa. Alipomaliza, nami nikasema langu, kwa dakika chache tu. Mzee wa bandarini akaniambia "pole sana, mwanangu," kisha akauliza kama nimeshapeleka barua mahali fulani ambako alisikia wanatafuta watunza stoo. Sikuipata kazi ile. Nilipata kitu kingine: kuanzia siku ile waliponiuliza habari zangu walikuwa wanauliza wakijua.

Zungumza na mtu mmoja au wawili kabla ya kuzungumza na baraza zima, na chagua wakati mchezo umesimama. Wapo watakaokupa ushauri usiouomba, na mmoja au wawili watakaosambaza habari zako. Jibu la adabu, "nimekusikia, kaka," linatosha kwa wa kwanza. Kwa wa pili, funga mazungumzo yako mapema.

Hatua ya saba: Weka mipaka, hasa ya saa

Baraza linaweza pia kummeza mtu. Nimewaona waliokuja kutafuta nafuu wakaishia kuketi tangu asubuhi, na mwaka ukapita. Asubuhi yako iwe ya kutafuta riziki: kuandika maombi, kufuata watu, kufanya kibarua kinachopatikana. Baraza lianze alasiri na liishie magharibi, na chakula cha usiku kiwe nyumbani. Mwambie mwenzi wako wapi unakwenda na utarudi saa ngapi, kwani naye amepatwa na pigo lile lile, na akibaki ndani na watoto na madeni huku wewe unakunywa kahawa, faraja yako inageuka mzigo wake. Mtafutie naye saa zake za kutoka, na saa hizo watoto ukae nao wewe.

Jiepushe na kijiwe kinachochezea fedha, na kile ambacho mirungi au pombe ndiyo shughuli na mchezo ni kisingizio. Mtu aliyeumia hushikwa upesi na vitu hivyo, na kutoka ni shida.

Hatua ya nane: Jua wakati ambapo marafiki hawatoshi

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, huoni ladha ya jambo lolote, au huwezi kuamka kitandani, nenda hospitali. Ikiwa unafikiria kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende pamoja. Huduma ya afya ya akili ipo Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja na Mathari Nairobi, na hospitali za rufaa za mikoa huweza kukupokea na kukuelekeza. Hapa tumia tena kanuni ya hatua ya pili: mwombe rafiki mmoja akusindikize siku maalumu, akae nawe kwenye benchi la kusubiri.

Hatua ya tisa: Jitambulisheni kwa majina kamili

Barazani watu hujuana kwa majina ya utani, na hili ni pengo ambalo hatukuliona mpaka lilipotugharimu. Yule mzee wa bandarini alipokosekana siku nne mfululizo, tuligundua kwamba watu kumi na tano tuliokaa naye kila siku hatukujua jina lake la ukoo wala nyumba yake. Ni muuza kahawa tu aliyekumbuka kwamba aliwahi kumpelekea kashata karibu na msikiti wa mtaa wa pili. Tulikwenda watatu, tukapiga hodi nyumba mbili kabla ya kuifikia yake, na tukamkuta kitandani, presha imempanda, binti yake yuko safarini Tanga. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji jioni ile ile.

Tangu siku hiyo muuza kahawa ana daftari dogo la shule chini ya sinia lake. Mgeni akishakaa wiki moja huandika humo jina lake kamili, mtaa, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwake, na asiyeonekana siku tatu bila kuaga hufuatwa. Anzisheni daftari kama hilo katika kikundi chenu, likae kwa mtu ambaye hakosi siku, na jina lako liwemo.